Jinsi wasomaji walivyomlazimisha Conan Doyle kumfufua Sherlock Holmes

MNAMO Desemba 1893, jarida la The Strand la jijini London lilichapisha hadithi fupi iliyowashtua wasomaji wake. Katika hadithi hiyo, mpelelezi Sherlock Holmes anakabana na hasimu wake, Profesa Moriarty, ukingoni mwa maporomoko ya maji ya Reichenbach nchini Uswisi, na wote wawili wanachukuliwa kuwa wametumbukia na kufa.

Mwandishi wa hadithi hiyo, Arthur Conan Doyle, alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa daktari aliyeacha udaktari ili aishi kwa kalamu yake, na kifo cha Holmes kilikuwa uamuzi alioufikiria kwa muda wa miaka miwili. Alidhani amefunga mlango. Kilichofuata kingali kinarejelewa kila panapozuka mjadala kuhusu nani hasa mwenye mhusika wa riwaya: aliyemwandika au wanaomsoma.

Ni muhimu kueleza kwanza jinsi Holmes alivyopata umaarufu, kwa kuwa haukuja mara moja. Alizaliwa katika riwaya A Study in Scarlet ya 1887, ambayo haikuvuma sana, na akarudi katika The Sign of Four mnamo 1890. Umaarufu ulianza Julai 1891 The Strand lilipoanza kutoa hadithi fupi, moja kila mwezi.

Doyle alikuwa amegundua jambo ambalo wahariri wa siku hizo hawakulitilia maanani. Riwaya iliyokatwa vipande na kuchapishwa kwa mfululizo humpoteza msomaji anayekosa toleo moja tu. Lakini hadithi inayoanza na kukamilika katika toleo lilo hilo, huku mhusika mkuu akiwa yuleyule, humwezesha msomaji yeyote kuingia wakati wowote na bado kumtamani mhusika huyo mwezi unaofuata. Mbinu hiyo ilifaulu kuliko alivyotarajia, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia.

Kufikia Novemba 1891, Doyle alikuwa tayari amemwandikia mamake kwamba anakusudia kumuua Holmes. Mama huyo, Mary Doyle, alikuwa miongoni mwa wasomaji wa kwanza kabisa kulalamika. Alimkataza katakata na hata kumpa wazo la kisa kingine, ambalo mwanawe alilitumia katika hadithi ya The Copper Beeches. Holmes akapata uhai wa ziada kwa amri ya mzazi.

Doyle alijaribu pia kuwakwepa wahariri kwa kupandisha bei. Mnamo 1892 alidai pauni 1,000 kwa hadithi 12, akitumaini kwamba wangekataa. Wakakubali.

Sababu ya uchovu huo aliieleza bila kuficha. Moyo wake ulikuwa katika riwaya za kihistoria zenye matukio ya ushujaa, hasa The White Company ya 1891 inayohusu wapiga mishale wa Uingereza wa karne ya 14. Hiyo ndiyo aliyoiona kuwa kazi yake bora, na aliamini kuwa Holmes alikuwa akiifunika. Alimfananisha mpelelezi wake na chakula ambacho mtu amekila kupita kiasi hadi kukisikia tu kikitajwa kunamkirihi.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hawakulijua. Mwaka huohuo wa 1893, babake Doyle alifariki na mkewe Louise akagunduliwa kuwa anaugua kifua kikuu. Waliomshutumu kwa ukatili walikuwa wakimwandikia mtu aliyekuwa na misiba yake halisi nyumbani.

Na walimshutumu kwelikweli. Doyle anasimulia katika tawasifu yake ya 1924, Memories and Adventures, kwamba mwanamke mmoja alimwita mnyama tangu neno la kwanza la barua yake. Anaongeza kuwa alisikia habari za watu wengi waliolia. Yeye mwenyewe, asema, hakusikitika hata kidogo.

Imerudiwa mara nyingi kwamba zaidi ya watu 20,000 waliacha kulinunua jarida hilo, na kwamba vijana wa London walitembea barabarani wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi vya maombolezo. Habari ya vitambaa, hasa, haina ushahidi wa kutosha kutoka siku hizo zenyewe na inafaa kuchukuliwa kwa tahadhari. Hata bila vitambaa, barua zilikuwapo, na hasira ilikuwapo. Yamkini hadithi ya vitambaa imedumu kwa sababu inaeleza vyema jinsi watu walivyojihisi, hata kama haielezi walichokivaa.

Tofauti kati ya mwandishi na wasomaji wake ilidhihirika zaidi mwigizaji wa Marekani, William Gillette, alipokuwa akitayarisha mchezo wa kuigiza kuhusu Holmes, ulioonyeshwa mara ya kwanza 1899. Gillette alituma simu ya maandishi kuuliza iwapo anaweza kumwoza mpelelezi huyo. Doyle akajibu kwamba anaweza kumwoza, kumuua au kumfanya apendavyo. Wasomaji walikuwa na wivu juu ya Holmes kuliko mzazi wake.

Kurudi kwa mpelelezi

Doyle alirejea kwa hatua mbili. Kwanza, kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902, The Strand lilichapisha The Hound of the Baskervilles, riwaya ambayo matukio yake yamewekwa kabla ya ajali ya Uswisi. Kwa njia hiyo mwandishi aliwapa wasomaji walichokitaka bila kukiri kwamba ameshindwa.

Hila hiyo haikuwaridhisha kwa muda mrefu. Majarida ya Uingereza na Marekani yalikuwa tayari kulipa fedha nyingi, na mnamo 1903 hadithi ya The Empty House ilitangaza kwamba Holmes hakuwahi kutumbukia majini. Alimponyoka Moriarty kwa ustadi wa mieleka ya Kijapani, kisha akajificha kwa miaka mitatu. Maelezo hayo yana udhaifu ulio wazi kwa yeyote anayeyasoma kwa utulivu. Wasomaji wa 1903 hawakutaka utulivu, walimtaka Holmes.

Hata hivyo, furaha yao haikuwafumba macho. Doyle anamtaja mwendesha mashua wa Cornwall aliyemwambia kwamba Holmes huenda hakufa alipoanguka, ila tangu siku hiyo hakuwa yule wa zamani. Katika uhakiki wote ulioandikwa kuhusu hadithi za baada ya 1903, sijui ambao umelieleza jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Riwaya ya mbwa wa Baskerville inahitaji kuangaliwa kwa undani kidogo, kwa kuwa ina uhusiano na fasihi yetu. Familia moja inaaminiwa kuandamwa na mbwa wa kizimwi katika nyika za Dartmoor. Mwishowe inabainika kuwa mbwa ni mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ya kung'aa gizani, na aliyemtuma ni binadamu anayetaka urithi. Hofu ya pepo inatumiwa kama pazia la uhalifu.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua mbinu hiyo. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mnamo 1918 na kufanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka mingi, alishinda nafasi ya kwanza katika shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Humo, mauaji yanafungamanishwa na mahali panapoogopwa na wenyeji, na mpelelezi Bwana Msa, akiwa na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum kando, anayafumbua kwa hoja.

Kiko, rafiki asiyeona kile ambacho mwenzake anakiona, na imani kwamba kila ajabu ina sababu yake: wahakiki hawakuchelewa kuuona ushawishi wa Doyle. Baadhi yao waliutaja kwa sauti ya lawama, kana kwamba Bwana Msa ni Holmes aliyevishwa kanzu. Katika miaka ya sabini, hasa nchini Tanzania ambako fasihi ilitarajiwa kushughulikia ujenzi wa jamii mpya, riwaya za upelelezi zilihesabiwa na wengi kuwa burudani tu.

Wasomaji walikuwa na hukumu yao. Kisima cha Giningi kilitoka 1968, kikafuatwa na Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na hatimaye Kosa la Bwana Msa mnamo 1984. Hakuna mchapishaji anayeendelea kumtoa mhusika mmoja kwa zaidi ya miaka 20 iwapo vitabu vinabaki rafuni. Na anayedai kuwa Abdulla aliiga tu hajayasikiliza mazungumzo ya wahusika wake: utani, ukoo na siri za nyumba za Unguja, vyote katika Kiswahili ambacho hakikukopwa London.

Waliosahihisha mwandishi

Tukirudi kwa Doyle, si barua zote zilikuwa za kusifu au kulaani. Nyingi zilikuwa za kusahihisha, na hapa ndipo tunapowaona wasomaji wakisoma kwa makini kuliko mwandishi alivyoandika.

Daktari Watson, rafiki na msimulizi wa Holmes, alijeruhiwa vitani Afghanistan. Katika kitabu cha kwanza jeraha liko begani. Katika cha pili limehamia mguuni. Jina lake ni John, lakini mkewe katika hadithi moja ya 1891 anamwita James. Doyle aliandika kwa kasi na hakuona haja ya kurudi nyuma kuhakiki mambo madogo kama hayo. Wasomaji waliyaona yote.

Hadithi ya Silver Blaze, iliyotoka 1892, inahusu farasi wa mashindano aliyeibwa. Mwandishi mmoja wa gazeti la michezo alionyesha kwamba, kwa kanuni halisi za mbio za farasi, nusu ya wahusika wangefungwa jela na nusu nyingine kupigwa marufuku viwanjani. Doyle alikubali kuwa hakujua lolote kuhusu mbio hizo, lakini hakubadilisha kitu. Kwake, msisimko wa kisa ulitangulia usahihi wa maelezo.

Kisa cha baiskeli kinafurahisha zaidi. Katika The Priory School ya 1904, Holmes anatazama alama za magurudumu ardhini na kutangaza upande ambao mpandaji alielekea. Barua zikamiminika. Gurudumu la nyuma, walisema wasomaji, hupita juu ya alama ya gurudumu la mbele hata ukielekea upande gani, kwa hivyo ushahidi huo hauna maana.

Doyle alitoka nje na baiskeli yake akajaribu. Aligundua kwamba wasomaji walikuwa sahihi. Lakini aligundua pia kwamba penye miinuko, gurudumu huacha alama ya kina zaidi wakati wa kupanda kilima na hafifu zaidi wakati wa kuteremka, hivyo bado Holmes angeweza kuujua mwelekeo kwa hoja nyingine. Ni nadra kumpata mtunzi wa visa anayethubutu kukifanyia majaribio alichokibuni kwa sababu ya barua za watu asiowajua.

Usomaji huo wa kina ulizaa hata mzaha wa kitaaluma. Mnamo 1911, Ronald Knox wa Chuo Kikuu cha Oxford alisoma insha iliyozichambua hadithi za Holmes kana kwamba ni maandiko ya kale yenye matabaka na mikono mbalimbali. Lengo lake lilikuwa kuwakejeli wachambuzi wa Biblia wa wakati huo. Doyle alimwandikia akistaajabu kuwa kuna mtu aliyezishughulikia hadithi hizo kwa jitihada kiasi hicho. Mzaha huo ulipata wafuasi: tangu 1934 kumekuwa na chama nchini Marekani, Baker Street Irregulars, ambacho wanachama wake huzijadili hadithi hizo kwa kanuni moja kuu, kwamba Holmes na Watson waliishi kweli.

Doyle alipata jibu la namna hiyo kwa Holmes peke yake. The Lost World ya 1912, riwaya ya safari hadi uwanda wa juu huko Amerika Kusini wenye wanyama wa kale, ilipendwa, na Doyle aliifurahia kiasi cha kujipiga picha akiwa amevaa ndevu za bandia za Profesa Challenger. Lakini wasomaji hawakugombana naye kuhusu Challenger kama walivyogombana kuhusu Holmes.

Kutoka riwaya hadi mahakama

Kundi jingine la barua lilikuwa zito zaidi. Hawa walikuwa watu wenye shida za kweli, walioamini kwamba aliyeweza kumbuni Holmes angeweza kuwasaidia.

Doyle anaeleza kisa kimoja alichokitatua kwa kufikiri tu. Mwanamume mmoja alikuwa ametoa pauni 40, akiba yake yote ya benki, akafikia katika hoteli kubwa London, akaenda kutazama burudani, akarudi yapata saa nne usiku, akabadilisha mavazi rasmi ya jioni na kutoweka. Jamaa zake waliogopa kuwa ameuawa kwa ajili ya fedha hizo.

Doyle alijibu kwamba mtu huyo ameondoka kwa hiari, kwa kuwa alichukua fedha zote. Bawabu wa usiku angemwona iwapo angetoka mlango ukiwa umefungwa. Basi alitoka kabla, wakati ukumbi umejaa wageni wanaorudi kutoka matembezini. Anayetaka kujificha London hahitaji kulala hotelini London, kwa hivyo alikuwa akielekea kwenye treni. Na mgeni anayeshuka usiku katika kituo kidogo hutambulika, kwa hivyo alikwenda mji mkubwa. Treni za kwenda Scotland huondoka karibu na saa sita usiku. Mtafuteni Glasgow au Edinburgh, akasema. Ikathibitika kwamba alikuwa amekwenda Edinburgh.

Kesi ya George Edalji ilikuwa na uzito mwingine kabisa. Edalji alikuwa wakili kijana, mwana wa kasisi wa Kianglikana mwenye asili ya Kihindi, aliyefungwa mnamo 1903 kwa tuhuma za kumkatakata farasi mdogo usiku karibu na kijiji cha Great Wyrley. Alihukumiwa miaka saba. Baada ya miaka mitatu aliachiliwa bila maelezo na bila kusafishwa jina, na hakuweza kurudia kazi yake. Akamwandikia Doyle.

Louise Doyle alikuwa amefariki mwaka huohuo wa 1906 na mumewe alikuwa amepoteza hamu ya kuandika. Kesi hiyo ilimwamsha. Alipoingia hotelini walikopanga kukutana Januari 1907, alimwona Edalji akisoma gazeti akiwa amelisogeza karibu kabisa na uso wake. Mtu mwenye macho ya namna hiyo, alijiambia Doyle, angevukaje mashamba gizani na kumjeruhi mnyama?

Alichapisha makala katika Daily Telegraph, na malumbano yakazuka nchi nzima. Mwezi Mei 1907 serikali ilimpa Edalji msamaha kuhusu shtaka la farasi, lakini ikakataa kumlipa fidia. Aliruhusiwa tena kufanya kazi ya uwakili. Mwaka huohuo, Uingereza ilianzisha mahakama ya rufaa ya jinai, na kesi ya Edalji ni mojawapo ya kesi zilizotajwa sana katika kuidai.

Kesi ya Oscar Slater ilichukua muda mrefu zaidi. Slater alipatikana na hatia ya mauaji huko Glasgow mnamo 1909. Doyle alichapisha kijitabu cha kumtetea mnamo 1912, bila mafanikio. Mnamo 1925, Slater alimtumia ujumbe kwenye karatasi iliyofichwa mdomoni mwa mfungwa aliyekuwa akiachiliwa. Aliachiliwa 1927 na hukumu ikabatilishwa 1928. Wawili hao waliishia kugombana kuhusu gharama za kesi, jambo ambalo katika hadithi ya Holmes lisingetokea.

Hadithi ya mwisho ya Holmes ilichapishwa 1927, na kufikia hapo zilikuwa 56 fupi na riwaya nne. Mwaka huo The Strand liliwaalika wasomaji kukisia hadithi 12 ambazo Doyle mwenyewe angezichagua kuwa bora. Mshindi alipata 10 kati ya 12. Doyle alifariki Julai 7, 1930.

Barua hazikukoma. Wakati Doyle alipoanza kuandika, nyumba nambari 221B katika barabara ya Baker Street haikuwapo, kwa kuwa nambari za barabara hiyo hazikufika huko. Barabara ilipopangwa upya, nambari hiyo iliangukia jengo la kampuni ya mikopo ya nyumba ya Abbey Road, lililofunguliwa 1932. Barua za kumwomba Holmes msaada zilifika kwa wingi hivi kwamba kampuni hiyo iliteua karani wa kuzijibu, kazi iliyoendelea kwa miongo kadhaa. Jumba la makumbusho la Holmes lilipofunguliwa jirani mnamo 1990, pande hizo mbili zilizozana kuhusu nani hasa anastahili kuzipokea.

Walioandika kutoka kila pembe ya dunia waliomba watafutiwe vitu vilivyopotea, jamaa waliotoweka na haki waliyonyimwa. Jibu la kawaida lilikuwa kwamba Bwana Holmes anashukuru kwa barua, ila amestaafu na sasa anaishi mashambani Sussex, ambako anafuga nyuki.